LILO, GRUB na ile sehemu ndogo ya /boot

Leo tuweke programu kando tuchimbe historia kidogo. Kwa nini mashine ya Linux iliyokuwa sawa jana hukataa kuwaka leo, eti kwa sababu umesasisha keneli? Na kwa nini jambo hili lilituuma zaidi sisi wa Mlima Kenya, kuanzia Nyeri na Karatina hadi Nanyuki na Embu?

BIOS haijui Linux ni mnyama gani. Husoma sekta ya kwanza ya diski, baiti 512 basi, kisha huiachia kazi butiloda, yaani programu ndogo inayotafuta keneli na kuiamsha. Miaka ya 1990 wengi walitumia LILO ya Werner Almesberger. LILO haikujua faili. Ilikariri tu namba za mahali keneli ilipokaa kwenye diski, kama mtu anayekumbuka "duka la tatu kutoka steji" bila kujua jina la duka. Ukisasisha keneli, ilibidi uendeshe /sbin/lilo ili ikariri upya. Ukisahau, mashine ingeweza hata kuwaka vizuri siku kadhaa, maana data ya keneli ya zamani ilikuwa bado haijaandikiwa juu. Halafu asubuhi moja, kimya!

GRUB, iliyoanzishwa na Erich Boleyn mwaka 1995, ilijua kusoma faili kwa jina. Red Hat 7.2 ilihamia huko 2001, na Ubuntu ikaja nayo tangu toleo la kwanza, 2004. Mambo yamekwisha? Wapi.

Kompyuta nyingi za huku zilikuwa za mitumba. Computers for Schools Kenya, iliyoanza 2002, ilikarabati kompyuta zilizotumika ikizisambaza shuleni, na mafundi wa mjini nao walikuwa na zao. Sasa chukua mashine ya zamani, uitie diski ya GB 20. BIOS yake inahesabu silinda 1024 na kukomea hapo, kama GB 8.4. Keneli ya kwanza iliwekwa mwanzoni mwa diski, ikawaka. Ile mpya iliandikwa popote palipo na nafasi, tuseme kwenye GB ya 12. Linux iliiona bila shida. GRUB ilitegemea macho ya BIOS, kwa hiyo ikaandika Error 18 na kugoma.

Mfikirie fundi wa saiba yenye mashine moja ya kugawa intaneti. Wateja wamekaa, jibu liko mtandaoni, na mtandao uko nyuma ya mashine iliyogoma. Kabla ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka 2009, kushusha MB 20 kwa modemu ya kilobiti 56 kulihitaji kama dakika 48, stima isipopotea. Bahati yako kama keneli ya zamani ingali kwenye menyu: unaichagua, unaendelea. La sivyo unatafuta CD, pengine ile ya bure ya Ubuntu, ambayo Canonical iliituma kwa posta hadi 2011. Unawasha nayo, unafanya mount, unaingia kwa chroot na kurekebisha.

Dawa ya kudumu ilikuwa kutenga sehemu ndogo ya /boot mwanzoni kabisa mwa diski, MB 100 hivi, ili kila keneli ibaki mahali BIOS inapofika. Ilifanya kazi vizuri mno, hata ikawa mazoea. BIOS zikabadilika, UEFI ikaja, uundaji wa LILO ukasimamishwa Desemba 2015, lakini watu (na visakinishi!) waliendelea kutenga /boot ndogo.

Hapo ndipo shida ikarudi kwa mlango wa nyuma. Keneli zilinenepa, na kila sasisho liliacha ya zamani palepale. /boot ikijaa katikati ya kazi, initramfs haikamiliki, na ukiwasha unaambiwa "Unable to mount root fs". Wengi hulaumu keneli mpya. Haina kosa.

Kwa hiyo kabla ya kusasisha, endesha df -h /boot. Kwenye Ubuntu au Debian, apt autoremove huondoa keneli zisizohitajika. Ukishakwama tayari, chagua "Advanced options" kwenye menyu ya GRUB, ingia kwa keneli ya zamani, safisha, kisha endesha update-initramfs -u -k all na update-grub.