Manowari Mbili Zilizotumwa Kutisha



Ndugu wapendwa, katika Injili ya Dominika ya 23 ya Mwaka C, Bwana wetu anatupa mfano wa mfalme anayekwenda kupigana na mfalme mwenzake (Lk 14:31-32). Kabla ya kuondoka, huketi kwanza na kujiuliza kama watu wake elfu kumi wataweza kumkabili anayekuja na elfu ishirini. Akiona hawezi, hutuma wajumbe kutafuta amani, adui angali mbali. Mara nyingi tunaupita mfano huu haraka kwa kuwa sisi si wafalme. Juma hili nawaalika tuutazame kwa msaada wa historia, maana mwaka 1941 walikuwapo wakuu ambao hawakuketi vya kutosha, na watu 840 wakalipa kwa uhai wao.

Julai 1941 majeshi ya Japani yaliingia kusini mwa Indochina, iliyokuwa koloni la Ufaransa. Marekani, Uingereza na Uholanzi zikajibu kwa kuikatia Japani mafuta. Mbele ya Wajapani kulikuwa na Malaya yenye mpira na bati, visiwa vya Indonesia vyenye mafuta, na katikati yake Singapore, ngome kuu ya Waingereza mashariki. Waingereza, waliokuwa tayari wanapigana na Ujerumani na Italia, hawakuwa na meli za kutosha kuilinda ngome hiyo. Waziri Mkuu Winston Churchill akaona njia: zitumwe manowari chache, lakini za kuogofya, ili Wajapani wazione na kughairi. Alikuwa na mfano karibu. Manowari moja ya Wajerumani, Tirpitz, kwa kuwapo tu iliwalazimisha Waingereza kuweka meli zao kubwa tayari wakati wote kwa ajili yake. Wakuu wa jeshi la majini, wakiongozwa na Admirali Dudley Pound, walipinga. Walitaka kwanza zikusanywe meli nyingi katika Bahari ya Hindi, hata kama ni za zamani. Mwishowe neno la mwanasiasa likashinda.

Zikatumwa Prince of Wales, manowari mpya kabisa, na Repulse, iliyoshushwa majini mwaka 1916. Meli ya kubeba ndege, Indomitable, ilikusudiwa kuungana nazo, lakini mapema Novemba ilikwama kwenye mwamba karibu na Jamaica. Manowari zikaendelea na safari bila ndege zake. Zilifika Singapore tarehe 2 Desemba 1941, na habari za kuja kwake zikatangazwa, kwa maana kitisho kisichoonekana hakimtishi mtu.

Hapa historia inatupa fundisho lake kali. Siku moja kabla, tarehe 1 Desemba, wakuu wa Japani walikuwa wamekwisha kuamua vita mbele ya mfalme wao. Meli zilizokwenda kushambulia Pearl Harbor zilikuwa baharini tangu Novemba. Tena, Wajapani waliposikia kwamba manowari kubwa zinakuja, hawakurudi nyuma. Waliongeza ndege za mashambulizi katika viwanja vyao vya Indochina. Kile kilichotumwa kuzuia kikawa sababu ya adui kujiandaa zaidi.

Wajapani walipoanza kushuka pwani za Malaya na Siamu tarehe 8 Desemba, Admirali Tom Phillips aliona jeshi la majini haliwezi kukaa bandarini huku askari wa nchi kavu wakishambuliwa. Alitoka jioni ile na manowari zake mbili na meli nne ndogo za kusindikiza, ingawa aliarifiwa kwamba kule kaskazini asitegemee ulinzi wa ndege. Alionekana, akageuka, akachelewa njiani kwa taarifa ya adui ambaye hakuwapo. Tarehe 10 Desemba, muda mfupi baada ya saa 5 asubuhi, ndege za Japani zipatazo 85 zilianza kumfikia kwa mafungu, zikiwa na mabomu na topido. Kabla ya saa 8 mchana manowari zote mbili zilikuwa chini ya bahari. Meli ndogo ya Express ilijibana ubavuni mwa Prince of Wales iliyokuwa ikilala upande, ili mabaharia wavuke. Zaidi ya 2,000 waliokolewa. Phillips hakuwa miongoni mwao. Singapore ilisalimu amri tarehe 15 Februari 1942.

Wahenga walisema nguvu ya mamba ni maji. Siku ile mamba aliuawa ndani ya maji yake, kwa mkono uliotoka angani. Mabaharia hawakukosa ushujaa. Kosa lilikuwa la hesabu: wakubwa walihesabu hofu waliyotaka adui awe nayo, wakasahau kuhesabu hofu aliyokuwa nayo kweli. Japani iliyokatiwa mafuta iliona kungoja ni hatari kuliko kupigana. Anayejiona amebanwa ukutani hatulii kwa kuonyeshwa fimbo.

Miezi minne baadaye Admirali James Somerville alikutana na nguvu ileile karibu na Ceylon. Alipoteza meli kadhaa, akahesabu zilizobaki, akaona hataweza. Akazirudisha manowari zake za zamani hadi Kilindini, Mombasa, kwenye pwani yetu hii, na kundi lake likabaki hai. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake; nami nadhani mfalme wa Injili angemwelewa.

Kanisa halikatai haki ya taifa kujilinda. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliitambua. Lakini Papa Yohane XXIII, katika waraka wake Pacem in Terris wa Aprili 1963, miezi michache baada ya dunia kuponea chupuchupu katika mgogoro wa Kuba, alifundisha kwamba amani ya kweli haisimami juu ya usawa wa silaha, bali juu ya kuaminiana. Hofu yaweza kuahirisha vita. Haiwezi kumgeuza adui kuwa jirani.

Nasi pia, wapendwa, tunazo manowari zetu. Baba anayetawala nyumba kwa vitisho hujiona ana amani kwa sababu kuna ukimya. Ndugu wanaogombea shamba la marehemu baba yao hutangaza mahakama ili upande wa pili uogope, kumbe upande wa pili unatafuta wakili. Bwana anatuambia tutume wajumbe adui angali mbali: mzee wa jumuiya, shangazi anayesikilizwa na wote, au miguu yetu wenyewe hadi mlangoni pa yule tuliyemnunia.

Rubani mmoja Mjapani aliyeshiriki shambulio lile alirudi baadaye, akapita juu ya maji yale na kudondosha maua kwa ajili ya waliokufa. Maua yale yalichelewa. Tuwaombee marehemu wa pande zote mbili, na tumwombe Mungu atujalie kupeleka ya kwetu mapema.

Amani ya Bwana iwe nanyi daima.