Kutoka Jembe Hata Kidani

Katika Nyanda za Juu Kusini, ambako baridi ya Juni huwafanya watu wavae makoti hata adhuhuri, sanaa ya mapambo haikuanza kwa sonara bali kwa mhunzi. Na mhunzi huyo hakutukuzwa na watu wake kwa ajili ya urembo, maana kazi zilizompa adhama zilikuwa jembe la kulimia na mkuki wa kulindia mji, hata ikawa bangili na kikuku ni kazi za baadaye, zilizofanywa moto ungali unawaka na haja kubwa zimekwisha kutimizwa. Kwa hiyo tunapomwona leo fundi aliyeacha cherehani au brashi ya rangi akashika shanga na waya wa shaba, tusidhani kwamba amezusha jambo geni katika nchi hii, kwa kuwa njia ile ilikwisha kukanyagwa zamani.

Wafipa, walioko magharibi ya Mbeya, walijenga matanuru ya udongo yaitwayo malungu, marefu kupita kimo cha mtu, yaliyovuta hewa yenyewe kwa matundu ya chini. Na chuma kilichotoka humo kilitakaswa tena katika tanuru dogo lenye mivukuto kabla ya kufika kwenye fuawe. Wanyiha wa Mbozi walikuwa na elimu hiyo pia. Wakinga nao, ambao siku hizi twawajua zaidi kwa maduka yao ya Makambako na Mbeya, walikuwa wahunzi mashuhuri wa milima ya Livingstone, wakiwateremshia Wanyakyusa majembe na mikuki, na wakipanda kwao na vyakula na mifugo.

Shaba ya manjano haikutengenezwa huku. Ililetwa na misafara ya pwani kwa jina la masango, yaani waya mnene uliokunjwa mizingo, pamoja na nguo za merikani na ushanga mwekundu wa samesame. Wanyakyusa waliyageuza masango kuwa pete nzito za kuvaliwa kiunoni, moja juu ya moja. Lakini kazi iliyodhihirisha ustadi wa fundi, kwa maoni yangu, ilikuwa udodi, yaani waya mwembamba uliovaliwa mikononi na miguuni sehemu nyingi za bara. Fundi alikuwa na bamba la chuma lililotobolewa matundu kwa safu, kubwa likitangulia dogo. Aliichonga ncha ya waya ikawa nyembamba, akaipaka mafuta, akaipitisha tunduni, akaikamata kwa koleo upande wa pili, kisha yeye na mwenziwe wakaivuta kwa uzito wa miili yao. Na waya ilipokuwa ngumu ikagoma, aliirudisha motoni ipate kulainika, ndipo akahamia tundu la pili, na la tatu, hata ukapatikana udodi mwembamba wa kuzungushwa juu ya singa za mkia wa ng'ombe, mzunguko ukigusa mzunguko, ukawa kikuku chepesi kipindikacho mguuni bila ya kukatika. Mkono uliofanya hayo ulikuwa umekwisha kufundishwa na jembe namna ya kujua, kwa rangi tu, kama chuma kimeiva motoni au bado.

Kisha dunia ikapinduka. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Iringa waliwashinda Wajerumani pale Lugalo, lakini ngome yao ya Kalenga ilianguka mwishoni mwa Oktoba 1894, na mtawala wao, Mtwa Mkwawa, akafariki mwaka 1898 kwa kujiua kuliko kutiwa mikononi mwa adui. Na baada ya hapo mkuki ukakosa kazi yake ya kwanza. Jembe nalo lilipata mshindani, kwa sababu majembe ya viwanda vya Ulaya yalijaa madukani, na matanuru ya kuyeyushia mawe ya chuma yakazimwa moja baada ya jingine. Mhunzi aliyebaki alifua vyuma chakavu, akatengeneza visu, akakarabati vitu vya watu, na aliyekuwa na jicho la uzuri akashika bangili. Huko ndiko kubadili kazi kwa kulazimishwa na zama, na nawaheshimu sana mafundi wale, kwa kuwa walipoporwa soko hawakukubali kuporwa na ustadi.

Kinyume cha mambo ni kwamba nchi hiyo hiyo ilikuwa imekalia dhahabu. Dhahabu ya Lupa, huko Chunya, ilijulikana katika miaka ya 1920, na mji wa Mbeya ukaanza mwaka 1927 kwa ajili yake. Mgodi wa Saza ulichimbwa tangu 1939 hata 1956, ukawa wa pili kwa dhahabu katika Tanganyika, baada ya Geita. Lakini mali hiyo ilitoka ikiwa ghafi ikaenda ng'ambo, na kidogo kilichobaki kilipita kwa masonara wa Kihindi, waliopima kwa tola, yaani gramu 11.66, na ambao aghalabu walirithishana kazi baba kwa mwana pasipo kumfundisha mgeni. Baada ya sheria ya mwaka 1971 ya kutaifisha majumba, wengi katika jamaa za Kihindi waliihama miji ya bara, na elimu yao ikaondoka nao.

Mlango mwingine ulifunguka Iringa. Mwaka 2003 msanii Mwingereza, Susie Hart, alianzisha Neema Crafts chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, akianza na vijana watatu viziwi waliotengeneza karatasi kwa mikono, hata kwa kinyesi cha tembo. Na karakana hiyo ikapanuka ikaingia kufuma, kushona na mapambo ya shanga, ikawaajiri watu wenye ulemavu ambao jamii ilikuwa imezoea kuwahesabu miongoni mwa waombaji. Mikono iliyojifunza subira kwenye karatasi haikushindwa na uzi wa shanga. Mbeya nako, si ajabu kumkuta mshonaji aliyeanza kwa kugeuza vipande vya kitenge kuwa herini, na sasa anakunja waya wa shaba.

Tangu mwaka 2019 Chunya ina soko la madini, na tangu 2021 Mwanza kuna kiwanda cha kusafishia dhahabu. Ama atakaye kujifunza kukata vito, huambiwa aende Kituo cha Jemolojia Arusha, safari ndefu mno kwa kijana wa Rungwe au Mufindi asiye na nauli. Nawasihi basi wenye mamlaka juu ya vyuo vya ufundi wafungue Mbeya darasa la usonara, na wasiweke sharti kwamba mwanafunzi awe ametoka shuleni juzi: wampokee mshonaji, mchoraji, mchongaji na mhunzi.