Mtoto ni wa Nani?

Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Baba na mama watenganapo, kila mmoja akidai, "Mtoto ni wangu," nyasi hizo ni mtoto mwenyewe. Mashauri ya namna hii husikilizwa katika mahakama ya Thika, kama yasikilizwavyo penginepo Kenya. Lakini njia ya kuyakata si ile ya kale, na yafaa tujue ilivyobadilika.

Hapo zamani, katika nchi ya Wakikuyu, mahari ndiyo iliyoamua. Mbuzi, kondoo na ng'ombe wakiisha kupelekwa kwa wazazi wa mke, watoto walikuwa wa ukoo wa baba. Mtoto wa msichana asiyeolewa alihesabiwa kuwa wa nyumba ya babu yake mzaa mama. Ukizuka ugomvi, wazee waliketi barazani wakauliza habari za mahari. Tusiwadharau wazee hao, kwa maana walitaka kila mtoto awe na kwao.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1913 reli ilifika Thika. Mashamba makubwa ya kahawa na mkonge kutoka Ruiru hadi Thika, na baadaye viwanda, yakavuta vibarua wa makabila mengi. Watu waliweza sasa kukaa pamoja mbali na kwao, pasipo mahari wala wazee wa kuwashuhudia. Walipoachana, swali la mahari halikutosha tena.

Mwaka 1959, Kenya ilipokuwa bado koloni, ilitungwa sheria ya ulezi wa watoto. Ilimwamuru hakimu atangulize manufaa ya mtoto kabla ya madai ya baba au ya mama. Uingereza ilikuwa imeifikia kanuni hiyo katika sheria yake ya mwaka 1925, baada ya kumpa baba enzi juu ya watoto kwa muda mrefu.

Hata hivyo, safari haikuwa imekwisha. Kwa Sheria ya Watoto ya mwaka 2001, wazazi wasiooana, mzigo uliwekwa kwanza juu ya mama peke yake. Katiba ya mwaka 2010 ndiyo iliyosawazisha mambo: baba na mama wana wajibu ulio sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ikathibitisha hayo.

Tutazame mfano. Mama afanya kazi kiwandani Thika. Baba akaa Ruiru. Hakimu hamwulizi mwenye mali ni nani, bali nani humlisha mtoto, humpeleka shule na kumwuguza. Hata mtoto, akiwa na umri wa kufahamu, husikilizwa. Huenda mtoto akakaa kwa mama, na baba akamtembelea na kulipa karo. Hapo hakuna aliyeshinda wala aliyevuliwa uzazi.

Basi, wazee waliuliza, "Mtoto ni wa nani?" Sheria ya leo yauliza, "Mtoto ahitaji nini?" Haki ya mzazi hutokana na wajibu wake, na anayetaka haki bila wajibu hana budi kujiuliza kama amtafutaye ni mtoto, au ni ushindi.