Nzi Aliyekuja na Maua

Nzi wachimba majani ni wadudu wa familia ya Agromyzidae. Urefu wao ni milimita chache tu, lakini historia yao katika Afrika Mashariki inaonyesha jinsi biashara ya mimea inavyoweza kumtia mkulima hasarani.

Jike hutoboa jani na kutaga yai ndani yake. Funza akianguliwa hula nyama ya jani kati ya ngozi ya juu na ya chini, akiacha kijia cheupe kinachopindapinda. Akikomaa hutoka na kuanguka chini, kisha hugeuka pupa udongoni. Mmea unaomlisha huitwa mwenyeji wake. Nzi wengi wa familia hii ni wachaguzi: kila spishi hushikamana na mimea ya jamii moja au jamii zilizo karibu. Mtafiti Kenneth Spencer, aliyechapisha kitabu kikubwa kuhusu jambo hili mwaka 1990, alionyesha kwamba ni spishi chache tu zinazokula mimea ya jamii nyingi.

Mmoja wa hao wachache ni Liriomyza trifolii. Mwaka 1976 aliingia Kenya akiwa amejificha ndani ya vipandikizi vya maua ya krisantemamu vilivyotoka Florida, Marekani. Vilipelekwa Masongaleni, upande wa Kibwezi. Kwa kuwa hachagui chakula, hakubaki kwenye maua. Alihamia maharagwe, njegere, nyanya na mboga nyingine. Ulaya nayo ilivamiwa kupitia biashara hiyo hiyo ya vipandikizi.

Wakulima walikimbilia dawa, lakini dawa nyingi hazikusaidia kwa sababu mbili. Kwanza, funza amekingwa na ngozi ya jani, na nzi mwenyewe huzoea sumu upesi. Pili, dawa huwaua nyigu wadogo ambao watoto wao hula funza hao. Hivyo mkulima alimlipia adui yake ulinzi.

Baadaye spishi nyingine mbili, L. sativae na L. huidobrensis, zilienea pia, hii ya pili hasa katika nyanda za juu. Njegere za kuuzwa Ulaya zilikaguliwa vikali, na shehena iliyokutwa na funza ilikataliwa. Ndipo watafiti wa icipe, Nairobi, walipoleta nyigu kutoka Peru, katika bara la asili la L. huidobrensis, na kuwaachilia mashambani.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wa 1976 alimfanya mwenyeji augue. Wa Peru aliletwa ili amponye. Tofauti yao ni kwamba nyigu alichunguzwa kwanza, naye nzi alipita bila kuonekana. Kwetu Uganda, ambako maua pia hukuzwa kwa ajili ya soko la nje, ukaguzi wa mipakani usihesabiwe kuwa usumbufu. Ni sehemu ya kumlinda mkulima wa maharagwe ambaye hajawahi kuuza ua hata moja.