UZI: Stima ya bure iliwagharimu nini wakulima wa Punjab?

1/ Msimu wa kampeni ukifika, ahadi ni ile ile: "Tutawachimbia visima, tuwape pampu za sola, mlime mwaka mzima." Watu wanapiga makofi. Sawa. Lakini kuna mahali wakulima waliahidiwa kitu kama hicho na wakapewa kweli. Ni Punjab, India. Tuone kilichofuata.

2/ Miaka ya 1960 India ilikuwa ikitegemea ngano ya Marekani kulisha watu wake. Serikali ikaleta mbegu mpya zinazozaa sana, ila zinataka mbolea na maji mengi. Tena ikaahidi kununua ngano na mpunga kwa bei inayojulikana mapema. Mifereji haikutosha, kwa hivyo mkulima akachimba kisima shambani kwake.

3/ Mwanzoni mwa miaka ya 1970 visima vya pampu Punjab havikufika laki mbili. Leo vimepita milioni moja. Na tuseme ukweli, sera hiyo ilifanya kazi. Maghala yalijaa, njaa ikarudi nyuma. Anayekwambia visima ni hasara tupu anakudanganya pia.

4/ Shida ilikuwa bili. Kwa miaka mingi mkulima alilipia stima kulingana na ukubwa wa pampu, si kiasi alichotumia. Mwaka wa 1997 hata hiyo ikaondolewa. Serikali iliyofuata iliirudisha kwa muda, kisha ikasalimu amri. Nani atazima pampu ambayo haimgharimu chochote?

5/ Maji yakashuka. Pampu inayokaa juu ya ardhi haiwezi kuvuta maji yakipita mita 8 hivi kwenda chini. Hapo lazima uchimbe zaidi na ununue pampu ya kuzamisha kisimani. Mwenye shamba kubwa alilipa. Mwenye ekari tatu alikopa, ama akanunua maji kwa jirani. Ruzuku iliyopitishwa kwa jina la mkulima mdogo ikawafaidi zaidi wenye pampu kubwa.

6/ Leo Punjab inavuta zaidi ya mara moja na nusu ya maji yanayorudi ardhini kila mwaka. Mwaka wa 2009 ikapitishwa sheria: hakuna kupandikiza mpunga kabla ya tarehe 10 Juni, ili mvua za msimu zisaidie. Wazo zuri. Lakini mavuno yakachelewa, siku za kuandaa shamba la ngano zikapungua, na wakulima wengi wakazidi kuchoma mabua ili wawahi. Moshi huo unafika hadi Delhi. Umesuluhisha kosa moja, lingine limezaliwa.

7/ Sasa rudi nyumbani. Sheria ya Maji ya 2016 inasema maji ni yetu sote, serikali ya kitaifa inayashikilia kwa niaba yetu, na kisima kinahitaji kibali. Lakini jua halitumi bili. Ukishanunua pampu ya sola, kila lita inakuwa kama ya bure, na hapo tumefika 1997 ya Punjab. Halafu maji hayajui mpaka wa shamba. Ukivuta sana, kisima cha jirani ndicho kinachokauka.

8/ Sipingi visima. Mama anayeamka saa kumi alfajiri kutafuta maji hahitaji mhadhara wangu. Ila mgombea akiahidi kisima, muulize: Kitakuwa na mita? Nani atapima kina cha maji kila mwaka, na matokeo yatabandikwa wapi? Tutalima zao gani? Pampu ikiharibika, nani analipa?

9/ Akikosa majibu, basi amekuahidi shimo tu. Maji ni hadithi nyingine.