Moïse Katumbi: Gavana mfanyabiashara aliyefungiwa mpaka wa Kasumbalesa

Moïse Katumbi Chapwe ni mfanyabiashara na mwanasiasa wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo (DRC) aliyekuwa gavana wa jimbo la Katanga kuanzia mwaka 2007 hadi 2015. Wapenzi wa soka wanamfahamu kama rais wa klabu ya TP Mazembe ya Lubumbashi, ile iliyowachukua Watanzania Mbwana Samatta na Thomas Ulimwengu. Lakini kwa msomaji anayepeleka mafuta, saruji au unga Lubumbashi, na kurudi Dar es Salaam na shaba, jina lake lina uzito wa aina nyingine. Mengi anayokutana nayo msafirishaji leo akishavuka Kasumbalesa, kuanzia barabara ya kulipia hadi utitiri wa tozo za jimbo, yaliota mizizi katika miaka ile minane.

Kasumbalesa ndiko pia alikokwama mwenyewe. Agosti 3, 2018, akirejea kutoka uhamishoni, ndege yake ilinyimwa ruhusa ya kutua Lubumbashi. Akatua Ndola, Zambia, akashika barabara ileile ya malori hadi mpakani, akazuiwa kuingia. Mpaka ukafungwa, polisi wakawatawanya wafuasi wake kwa mabomu ya machozi, na mtu aliyesimamia lango hilo kwa miaka minane akageuza gari na kurudi Zambia.

Mtoto wa muuza samaki

Bw. Katumbi alizaliwa Desemba 28, 1964 katika kijiji cha Kashobwe, kando ya mto Luapula. Ng'ambo ya mto ni Zambia. Baba yake, Nissim Soriano, alikuwa Myahudi kutoka kisiwa cha Rhodes, ambacho wakati huo kilikuwa chini ya Italia. Aliondoka huko mwaka 1938 kukimbia sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi, akaweka makazi Katanga na kufanya biashara ya samaki. Mama yake ni Mkongo, wa ukoo unaohusishwa na Mwata Kazembe, ambaye makao yake makuu yako Mwansabombwe, upande wa Zambia. Kwa hiyo mpaka huo ulipita katikati ya ukoo wenyewe, kama ilivyo kwa familia nyingi za bonde la Luapula.

Biashara yake ya kwanza ilikuwa hiyohiyo ya nyumbani, yaani kutoa samaki Ziwa Mweru na kuwapeleka miji ya migodi, ambako wafanyakazi wa kampuni ya serikali ya Gécamines walihitaji kitoweo. Anayeijua biashara ya samaki wa masafa marefu anajua inafundisha nini: barabara mbovu, barafu inayoyeyuka, na kila kizuizi njiani kinachotaka chake. Baadaye aliingia katika usafirishaji na huduma za migodini kupitia kampuni ya MCK, iliyofanya kazi za uchimbaji na ubebaji kwa niaba ya makampuni ya madini. Mwaka 1997 alishika uongozi wa TP Mazembe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 aliishi na kufanya biashara Zambia, akarejea Kongo mwaka 2003, vita vikiwa vinaelekea kumalizika.

Kura 94 kati ya 102

Mwaka 2006 alichaguliwa mbunge kwa tiketi ya PPRD, chama cha Rais Joseph Kabila. Januari 2007 akawa gavana wa kwanza wa Katanga kuchaguliwa chini ya katiba mpya, kwa kura 94 kati ya 102.

Hapa msomaji wa Tanzania na Kenya anahitaji maelezo kidogo. Gavana wa Kongo hafanani na mkuu wa mkoa wa Tanzania, ambaye huteuliwa na rais. Hafanani pia na gavana wa kaunti ya Kenya, anayechaguliwa na wananchi moja kwa moja tangu mwaka 2013. Yeye huchaguliwa na wajumbe wa bunge la jimbo. Ana serikali yake yenye mawaziri, ana bajeti na ana uwezo wa kuweka tozo zake. Forodha, hata hivyo, ni ya Kinshasa. Mzigo unapovuka mpaka hulipiwa ushuru wa taifa kwanza, kisha jimbo nalo linanyoosha mkono.

Fedha ndiyo kiini cha habari hii. Kifungu cha 175 cha katiba ya mwaka 2006 kinasema asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa jimboni ibaki jimboni, tena ikatwe palepale kabla fedha hazijakwenda Kinshasa. Kwa jimbo lenye shaba, kobalti na lango la Kasumbalesa, hizo zingekuwa fedha nyingi sana. Kinshasa haikuitekeleza. Fedha zote ziliendelea kwenda makao makuu, na kilichorudi Lubumbashi kilikuwa kile serikali kuu ilichoamua kurudisha, kwa wakati iliotaka. Magavana walilalamika, Bw. Katumbi akiwa miongoni mwao, bila mafanikio.

Gavana aliyenyimwa mgawo wake hutafuta fedha pale anapoweza kuzifikia, na kinachofikika kirahisi zaidi ni lori. Haliwezi kujificha, lina haraka, na mwenye mzigo atalipa kuliko kulala. Wasafirishaji wengi huamini kuwa tozo za njiani ni tamaa ya maofisa tu. Tamaa ipo, hakuna anayebisha. Lakini ukisoma kifungu cha 175 kisha ukatazama stakabadhi zako za Kasumbalesa, utaona kwamba sehemu ya gharama yako ni deni la Kinshasa kwa majimbo, ambalo wewe ndiye unayelilipa.

Mawe hayatoki

Uamuzi wake uliowagusa wasafirishaji mapema kabisa ulikuja mwaka 2007, miezi michache baada ya kuingia ofisini, alipopiga marufuku kusafirisha madini ghafi nje ya jimbo. Wakati huo wachimbaji wadogo walichimba mawe ya shaba na kobalti, wafanyabiashara wakayanunua, na malori yakayapeleka Zambia kuyeyushwa au yakaendelea hadi bandarini. Hoja ya gavana ilikuwa rahisi: jiwe likitoka ghafi, ajira na kodi hutoka nalo. Malori yaliyokuwa yamepakia yakakwama, na waliokuwa wameshalipa pesa za mzigo wakapata hasara.

Marufuku hiyo ilileta viwanda vidogo vya kuyeyusha shaba kuzunguka Lubumbashi na Likasi, vingi vya Wachina. Mwishoni mwa 2008 bei ya shaba, ambayo mwaka huohuo ilikuwa imepita dola 8,000 kwa tani, ilianguka hadi karibu dola 3,000. Wenye viwanda wengi walifunga na kuondoka, wengine bila kuwalipa wafanyakazi, na gavana akawalaumu hadharani.

Makampuni makubwa yalibaki. Kongo nzima, ambayo Gécamines yake iliwahi kutoa zaidi ya tani 470,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980 kabla ya kuporomoka hadi chini ya tani 30,000, ilifikia karibu tani milioni 1 mwaka 2014. Si haki kumpa gavana sifa yote. Sheria ya madini ya mwaka 2002 ilipitishwa kabla yake, na mitaji ilivutwa na bei ya dunia. Sifa yake ni kwamba lori liliweza kufika mgodini.

Mwaka 2013 serikali kuu ilijaribu hatua kama yake. Ilitangaza kuzuia makinikia kwenda nje na kupandisha tozo kutoka dola 60 hadi dola 100 kwa tani. Zuio hilo likaahirishwa mara kwa mara, kwa sababu umeme wa kuyeyushia makinikia yote haukuwepo. Kwa wasafirishaji kila tangazo la namna hii lilikuwa na maana ileile: kukimbilia kupakia kabla ya tarehe, kisha foleni.

Barabara na bukari

Barabara ya Lubumbashi hadi Kasumbalesa, isiyofika kilomita 100, ilitengenezwa na kuwa ya kulipia. Madereva waliokuwa wakilala matopeni masika yote waliona tofauti, na waliona pia bei yake. Msafirishaji anapopiga hesabu ya safari ya karibu kilomita 2,000 kutoka Dar es Salaam kupitia Tunduma na Nakonde, anakuta kipande hiki kifupi cha mwisho kina gharama kwa kilomita isiyolingana na vipande vingine vyote.

Jambo la pili lilikuwa chakula. Lubumbashi hula bukari, ambayo Tanzania ni ugali, na mahindi yake kwa sehemu kubwa hutoka Zambia. Lusaka ikizuia mahindi kutoka nje, kama ilivyofanya mara kadhaa, bei ya gunia Lubumbashi hupanda ndani ya siku chache. Bw. Katumbi aliyataka makampuni ya migodi yalime, kila moja hekta 500. Baadhi yalilima kweli, mengine yalilima ya kuonyesha. Jimbo halikujitosheleza, na mfanyabiashara wa nafaka hakupoteza soko lake.

Wakosoaji wake walikuwa na hoja nzito. Gavana aliyesimamia jimbo la migodi alikuwa na familia yenye kampuni inayopata zabuni migodini humohumo. Yeye alijibu kwamba alikuwa tajiri kabla ya siasa. Jibu hilo linaweza kuwa kweli na bado swali likabaki palepale. MCK iliuzwa kwa kampuni ya Necotrans ya Ufaransa Novemba 2015, baada ya yeye kuacha ofisi.

Wakati huohuo umaarufu wake ulikuwa ukipanda uwanjani. Mazembe ilitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2009 na 2010, na Desemba 2010 ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, ilikofungwa 3-0 na Inter Milan. Ubingwa wa 2015, Samatta akiwa mfungaji wa kutegemewa, ulikuja wakati bosi wa klabu ameshaachana na Kabila.

Penalti ya tatu

Muhula wa gavana ni miaka mitano, lakini uchaguzi wa majimbo haukufanyika na Bw. Katumbi akaendelea. Desemba 23, 2014, akirudi Lubumbashi baada ya matibabu nje ya nchi, aliuliza umati uliokuja kumpokea kama timu iliyokwisha kupigiwa penalti mbili za uongo itakubali ya tatu. Kila mtu alielewa kwamba penalti ya tatu ni muhula wa tatu wa Rais Kabila.

Katikati ya 2015 Katanga ikagawanywa kuwa majimbo manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Mgawanyo huo ulikuwamo katika katiba tangu 2006 na ulipaswa kufanyika ndani ya miezi 36, kwa hiyo si kweli kwamba ulibuniwa kumkomoa mtu mmoja. Hata hivyo kufufuliwa kwake wakati ule kulimwacha gavana mwenye nguvu kuliko wote bila jimbo. Septemba 29, 2015 alijiuzulu ugavana na kujitoa PPRD.

Kwa wasafirishaji mgawanyo huo ulikuwa na maana ya moja kwa moja. Lori linalotoka Kasumbalesa kwenda Kolwezi lilikuwa likipita katika jimbo moja. Sasa linapita mawili, Haut-Katanga na Lualaba, kila moja likiwa na serikali yake, bajeti yake na tozo zake.

Uhamishoni na kurudi

Mei 4, 2016 alitangaza kugombea urais. Siku hizohizo serikali ilimtuhumu kuajiri mamluki, tuhuma alizokanusha. Mei 20 aliondoka kwenda kutibiwa Afrika Kusini, na Juni mahakama ikamhukumu bila yeye kuwepo miaka mitatu jela katika kesi ya nyumba. Mwaka 2018 likaibuka suala la uraia, kwa kuwa aliwahi kuwa na uraia wa Italia na sheria ya Kongo hairuhusu uraia wa nchi mbili. Baada ya kuzuiwa Kasumbalesa Agosti mwaka huo hakuweza kuwasilisha fomu. Akajiunga na muungano wa Lamuka uliomsimamisha Martin Fayulu, na Félix Tshisekedi ndiye aliyetangazwa mshindi.

Aprili 2019 hukumu ya kesi ya nyumba ilifutwa. Mei 20, 2019, miaka mitatu kamili tangu aondoke, alitua Lubumbashi. Desemba mwaka huo alizindua chama cha Ensemble pour la République. Aliingia katika muungano wa Rais Tshisekedi, kisha akajitoa Desemba 2022 ili agombee. Katikati ya kipindi hicho ulipelekwa bungeni mswada wa kuzuia urais kwa wenye mzazi wa kigeni, ambao wengi waliuona umelenga familia ya Soriano.

Katika uchaguzi wa Desemba 20, 2023 alipata asilimia 18 na kushika nafasi ya pili. Tshisekedi alipewa asilimia 73. Bw. Katumbi aliyakataa matokeo hayo akidai wizi wa kura, lakini hakwenda Mahakama ya Katiba, akisema haina uhuru.