Niliandika Viti Vyote, Nikasahau Betri

Acha nianze na aibu yangu. Nikiwa atachimenti kwenye kituo kimoja cha afya, nilipewa laptopu na kazi moja: ingiza vifaa vyote kwenye programu ya matengenezo. Nikaingiza. Viti, feni, hata saa ya ukutani ikapata namba. Nikajiona fundi kweli.

Wiki ya tatu, stima ikapotea usiku. Jenereta ilikuwa na namba, lakini betri yake ya kuwashia haikuwa popote kwenye programu, na hakuna aliyeipima kwa miezi. Ikagoma. Manesi wakahamisha chanjo kutoka kwa friji hadi kwenye masanduku ya barafu, wakimulikiwa na simu. Chanjo zilipona. Mimi usingizi uliniruka.

Ndio nikaanza kuchimba: watu wa zamani waliamuaje kitu gani kiandikwe?

Waulize watu wa reli. Injini ya Uingereza inayoitwa Flying Scotsman ilijengwa Doncaster mwaka 1923, na imebadilishiwa boila mara nyingi. Boila lilikuwa linatolewa kwa injini hii na kuwekwa kwa ile, kwa hivyo reli za huko zililipa boila namba yake na kadi yake. Nati na bolti hazikupata kadi, zilibaki ndani ya historia ya mashine. Hawakuwa wanaangalia ukubwa tu. Kitu kikiwa na maisha yake mwenyewe, kinahitaji rekodi yake mwenyewe.

Halafu kuna watu wa ndege. Zamani waliamini kila kifaa kina umri wake, ukifika unakifungua, hata kama kinafanya kazi poa. Mwaka 1978, Stanley Nowlan na Howard Heap wa United Airlines waliandikia Wizara ya Ulinzi ya Marekani ripoti iliyovunja imani hiyo. Walionyesha kwamba vifaa vingi havifi kwa sababu ya umri. Ukaguzi mkubwa wa muundo wa ndege ya DC-8, hadi ifikishe saa 20,000 za kuruka, ulikula zaidi ya saa milioni 4 za kazi. Boeing 747, ndege kubwa zaidi, iliyopangiwa kwa fikra mpya, ilihitaji kama saa 66,000 tu.

Siri yao ilikuwa swali: hiki kikiharibika, nini kitatokea? Kuna mtu ataumia? Kazi itasimama? Na lile lililonichoma: kikifa kimyakimya, tutajua?

Soma hilo la mwisho tena. Kiti kikivunjika, aliyekikalia atakuambia mwenyewe. Betri ya jenereta ikifa, haisemi kitu hadi usiku ule unapoihitaji. Mimi nilihesabu vitu vinavyopiga kelele, nikaacha vile vinavyonyamaza.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu, na mnaweza kunipinga: programu iliyojaa kila kitu ni hatari kama daftari tupu. Fundi akifungua na kukuta kazi 300 za viti, ile moja ya betri hataiona.

Kesho yake nilifuta viti vyote. Nikaandika betri, friji ya chanjo na pampu ya maji, kila moja na tarehe yake ya kupimwa.

Wewe pale kazini kwenu, ni kitu gani kimenyamaza?